Mizania ya Faraji

Kabla hajaandika tarakimu yoyote, Mzee Matano alivua kofia yake na kuilaza juu ya karatasi, upande wa mali. Kisha alianza na madeni. Hata tulipopata kompyuta, aliendelea kuchora kwanza kwa mkono, mistari miwili ya penseli, kofia kushoto. Mteja akishangaa, alimwambia, "Ukianza na mali, macho yanalewa. Tuone kwanza nani anakudai."

Nilikwenda kufanya kazi kwake Mwanjelwa, hapa Mbeya, nilipomaliza chuo cha uhasibu. Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitenge, baridi kiasi kwamba mwezi wa sita tuliandika tumevaa makoti. Wateja walikuwa wafanyabiashara wa mchele, maharage na spea za magari, na wengi walikuja kwa sababu benki iliwaambia walete mizania, karatasi ya mali na madeni yao, ndipo wapewe mkopo. Hawakuipenda. Waliona kama kuvuliwa nguo.

Namkumbuka Alinanuswe, muuza viazi, Mnyakyusa mwenye kicheko kikubwa. Mzee alimpangia mali zake kwa desturi ya kazi yetu, kilicho karibu kugeuka pesa kikitangulia: fedha taslimu, wanaodaiwa, viazi vilivyoko ghalani, halafu gari, halafu shamba. Walipofika kwenye madeni, Alinanuswe akakuna kichwa.

"Mzee, wakwe zangu wananidai ng'ombe wa mahari. Nao niwaweke?"

"Tangu lini?"

"Mtoto wa kwanza yuko sekondari."

"Basi ni madeni ya muda mrefu," Mzee akasema bila kutabasamu, akawaandika.

Kila mteja aliondoka na onyo lilelile: usikubali kubeba deni la mtu kabla hujaona mizania yake. Awe rafiki, awe ndugu wa tumbo moja.

Ndugu wa tumbo moja aliyekuwa naye ni Faraji. Familia yao ilitoka Tanga zamani, enzi za babu yao, na baada ya baba yao kufa Matano ndiye aliyemlea mdogo wake. Faraji alihamia Iringa, akafungua duka la mchele. Alinunua kwa wakulima wa Ubaruku, akauza mjini na kwa mahoteli. Alikuwa mtu wa kupendwa. Alikopesha kwa urahisi, alikopa kwa urahisi, na yote aliyaweka kichwani. Mara nyingi Mzee alimwambia alete hesabu zake apangiwe. "Kaka, mimi sio mteja wako," Faraji alijibu.

Siku moja akiwa njiani kupeleka mchele alianguka, akafia katika hospitali ya Tosamaganga. Tulisafiri kwenda Iringa, mimi, Mzee, na mkewe Bi Nusrat. Mimi ni Mkristo wa Moravian, lakini kwa miaka niliyokaa nao nilikuwa nimezoea kuketi mkekani na wanawake kwenye misiba yao. Nilikaa karibu na Chiku, mjane wa Faraji, chini ya dirisha, na jeneza lilipokuwa uani tukamsikia imamu akiuliza kama ilivyo ada. Marehemu alikuwa mtu wa biashara, alisema, basi familia iwaambie watu waende wapi kama kuna deni.

Hapo watu wengi hujibu, "Anayemdai marehemu aonane na familia." Familia ni neno pana. Anayedai atazunguka, ataambiwa asubiri, mwisho atasamehe au atachoka, na hakuna aliyeaibika.

Tukasikia sauti ya Mzee Matano. "Mimi ni kaka yake. Anayemdai Faraji, kuanzia sasa ananidai mimi. Na anayedaiwa na Faraji aje pia, tumalizane kwa wema." Halafu akataja namba yake ya simu. Akairudia polepole, kama mtu anayemsomea karani.

Bi Nusrat aliacha kuhesabu tasbihi. "Amesema 'mimi'?" akaninong'oneza.

"Amesema."

"Hakusema 'familia'?"

Chiku alikuwa ameinamisha kichwa mapajani mwangu, akilia, na nadhani katika kilio kile kulikuwa na shukrani.

Simu zilianza kabla hatujamaliza matanga. Wa kwanza kufika mwenyewe alikuwa Timotheo, mkulima wa Ubaruku, na viatu vyake vya matope.

"Pole na msiba, Mzee. Mimi ni yule wa magunia."

"Magunia gani?"

"Ah, ya Faraji. Si ulitangaza? Namba yako nimeisevu kabisa, 'Kaka Madeni'." Akamwonyesha simu, bila ubaya wowote.

Baada yake akaja Iqbal, mwenye malori. Alimkumbatia Mzee, akalia naye, akakataa chai. "Kaka, mimi sina haraka," alisema. "Naweza kungoja."

"Mpaka lini?"

"Mwisho wa mwezi."

Wakaja wauzaji wa mifuko ya kufungia mchele, wa dizeli, mwenye ghala, mwanamke aliyemkopesha Faraji mchango wa kikoba chao. Wote walikuwa na ushahidi, na waliokuwa hawana walikuwa na nyuso ambazo Mzee alishindwa kuzikatalia. Mwisho ikaja benki. Nyumba aliyokaa Chiku na watoto ilikuwa imewekwa dhamana.

Tuliketi dukani kwa Faraji kupanga mizania. Mzee alivua kofia, akafunika nayo upande wa mali, akaandika madeni hadi karatasi ikajaa na tukaongeza ya pili. Ilipofika zamu ya kuinua kofia, chini yake hapakuwa na mengi ya kuandika. Pesa kidogo za kwenye droo. Mchele uliobaki. Wanaodaiwa, ambao Chiku aliwataja kwa kukumbuka: hoteli, shule ya bweni, mama lishe kadhaa wa stendi. Nikawapigia. Mwenye hoteli alisema Faraji alikuwa kama ndugu yake na kwamba walishamalizana. Shule walisema mhasibu yuko likizo. Mama lishe mmoja tu ndiye aliyeleta, noti zimekunjwa kwenye kanga, akaomba radhi kwa kuchelewa. Wanaodai walikuja wenyewe kwa miguu. Wanaodaiwa, tangazo lilelile walikuwa wamelisikia, uani palepale.

Mali haikufika nusu ya madeni.

"Mzee," nikasema, "deni la marehemu linalipwa kwa mali ya marehemu. Ikiisha, imeisha. Hawana cha kukufanya."

"Najua, Tumpe. Hata dini hainilazimishi."

"Sasa?"

"Nilisimama mbele ya jeneza lake. Sisi tunaamini roho ya maiti inafungwa na deni lake mpaka lilipwe. Nikae chini leo, nimwambie Faraji kwamba nilisimama kabla sijapiga hesabu?" Akavaa kofia yake. "Maisha yangu yote nawakataza watu jambo hilihili."

Hakuwa akitafuta jibu. Alichukua karatasi mpya na kuanza mizania ya kwake mwenyewe, na madeni yote ya Faraji akayahamishia humo, moja moja, kwa mwandiko wake mzuri. Upande wa pili alikuwa na kitu kimoja cha kuandika, nyumba yao ya Ilomba, kule Mbeya.

Nyumba ile waliijenga yeye na Bi Nusrat kwa miaka mingi, chumba baada ya chumba, na Bi Nusrat alikuwa ameuza dhahabu yake ya harusi kununua bati. Walipobishana juu ya kuiuza nilikuwepo, maana walikuwa wamezoea kuniona kama mtoto wa nyumbani. Bi Nusrat hakupaza sauti.

"Baba Nasrin, kaburi la ndugu yako umeliezeka kwa bati langu."

"Chiku ana watoto wadogo. Benki itawatoa nje."

"Na mimi je, nimezaa mawe?"

Aliyenunua ni Alinanuswe. Alilipa bei ya haki na aliona haya. Siku ya kukabidhiana hakucheka hata kidogo. Bi Nusrat alikwenda kukaa kwa dada yake Tanga, kwa muda, ilisemwa hivyo. Hajarudi. Mzee akapanga chumba Iyunga, karibu na barabara kuu, ambako malori yalipita usiku kucha na kikombe kilitetemeka mezani.

Nilitamani kuandika kwamba nyumba moja iliokoa nyingine. Wadai wadogo wote walilipwa, Timotheo, Iqbal, mwanamke wa kikoba. Benki ilipata kilichobaki, hakikutosha, riba ikaendelea kupanda, na mwaka uliofuata nyumba ya Chiku ikapigwa mnada. Chiku alirudi kwao na watoto. Hakuna aliyebaki na paa.

Wateja nao walipungua. Hawakugombana na mtu. Mmoja, mwenye duka la spea, alikuja kuchukua mafaili yake, na alipokuwa ngazini nilimsikia akimwambia mwenzake, "Nimpe hesabu zangu mtu ambaye zake zimemshinda?" Mzee naye alisikia. Aliendelea kuchonga penseli. Tulifunga ofisi kabla ya mvua za masika, nami nikapata ajira kwenye kampuni ya pembejeo.

Binti yake, Nasrin, ameolewa Iringa na fundi umeme, kijana mpole wa Kihehe aliyesilimu. Presha ilipomzidi Mzee na mkono wa kulia ukalegea, walimfuata Iyunga wakamchukua. Mkwe alikopa ili amalizie chumba kimoja cha nyumba anayojenga, Mzee apate pa kulala. Wadai wa matibabu wakaanza: famasia, daktari, gari la kukodi. Nilimwona Mzee akiwasikiliza wakitajwa sebuleni, kila jina likiingia ndani yake.

Nilimtembelea mara ya mwisho mwezi wa saba. Upepo wa Iringa ulikuwa unagonga bati jipya. Nikamsalimia, "Shikamoo," akaitikia kwa taabu. Mkwe wake aliingia na uji, akamnywesha, akamfuta mdomo, akasema kwa sauti ya kumchangamsha, "Usiwaze lolote, Baba. La kwako ni langu."

Mzee alimtazama hadi alipotoka. Kisha akanishika kwa mkono wake mzima, akanivuta karibu, maana sauti ilikuwa imekwisha.

"Tumpe, siku yangu ikifika, mwambie huyu kijana asisimame. Nyumba yake ndiyo kwanza imeezekwa."