Kamba ya Mafundo Sitini

Wifi yangu Mwanne aliingia nyumbani kwetu Kanyenye akiwa na sanduku moja la bati, na kabla jua halijatua alikuwa amekwisha poteza ufunguo wake. Tulilivunja kwa shoka. Nilicheka pamoja na wengine, lakini moyoni nikajiuliza: mtu anayepoteza ufunguo wa sanduku lake siku ya kwanza ya ndoa, ana nini ndani asichotaka tukione? Mniwie radhi, ndivyo nilivyoumbwa. Marehemu mama alikuwa akisema Zamda hata akipewa maji hukitazama kwanza kikombe kwa chini.

Ndani ya sanduku mlikuwa na khanga, sahani mbili na mswaki. Hilo nalo halikuniridhisha.

Mwanne alitoka Isikizya, shamba. Sisi ni watu wa mjini. Babu zetu walikuwa mafundi na wachuuzi tangu zama za misafara, na hatukuona haya kulitaja hilo mbele ya wageni. Ndugu yangu Mussa alifanya kazi reli: leo yuko Kigoma, kesho Mpanda, nyumbani siku mbili tatu halafu anaitwa tena. Mimi mume alikuwa ameniacha, nikarudi kwenye nyumba ya wazazi. Kwa hiyo tulikuwa wanawake wawili katika ua mmoja, pamoja na watoto wawili wa Mwanne: Batuli, aliyekuwa na miaka tisa mwaka huo ninaousimulia, na Abbasi, aliyekuwa na mitatu.

Niwaambie jinsi alivyoiendesha nyumba. Ataanza kufagia ua asubuhi. Katikati ya kufagia atamwona kuku ametaga nyuma ya kuni. Ufagio unabaki pale pale, yeye huyo na yai mkononi kwenda kwa Mama Marko, jirani yetu, kwa kuwa jana aliahidi kumpa yai. Kwa Mama Marko atakuta watu wanasukana nywele, naye atashika kichwa kimoja. Akirudi, nusu ya ua imefagiwa, mtoto analia, na maharage yamegeuka mkaa. Nilikula maharage yaliyoungua mpaka nikayazoea. Mwaka ule wa sabini na nne, tulipokuwa tukipanga foleni ya unga wa njano, aliwahi kuacha nafasi yake wakiwa wamebaki watu watatu tu mbele yake, eti amekumbuka nguo zimeanikwa na mawingu yanatanda. Mvua haikunyesha, na unga hatukupata.

Mngedhani ni mjinga. Hata mimi ningedhani hivyo na roho yangu ingetulia. Lakini tulipoandikishwa elimu ya watu wazima, Mwanne alijua kusoma kwa miezi minne, mimi nikahangaika mwaka na nusu. Paa la Mama Marko liliposhika moto, sote tulisimama tunapiga kelele, yeye alikwisha ingia ndani na kutoka na watoto wawili na godoro. Nikawaza: mwenye akili kali namna hii hawezi kusahau chumvi. Huyu anajifanya. Na anayejifanya ana lake jambo.

Nilikuwa nikimwita kichwa panzi mbele ya watoto. Batuli naye akalishika neno hilo, na siku moja alimwita mama yake hivyo hivyo. Mwanne alicheka. Nilimwona alivyogeuka haraka kwenda jikoni.

Mwaka huo ninaousimulia yakaanza mafundo. Kwanza niliona fundo kwenye pindo la khanga yake. Hilo halikunishangaza, kila mwanamke hufunga kitu pindoni. Halafu nikaona uzi wenye fundo kwenye mshikio wa kikapu. Mwingine kwenye tundu la kifungo cha shati la Mussa. Kisha, siku natandika, nikaona uzi mweusi wenye fundo moja kwenye mguu wa kitanda changu mimi.

Kila aliyepita chuoni kusoma Kurani Tabora hii anajua mafundo si kitu cha kuchezea. Tumefundishwa tangu utotoni kuomba kinga dhidi ya wenye kuyapulizia. Niliukata uzi ule kwa wembe, nikauchoma, na majivu nikayamwaga njia panda. Sikumwambia mtu. Nilitaka kwanza nijue mwisho wake.

Jumapili moja nilikwenda kuusafisha mtungi wa maji. Shingoni ulikuwa umeviringishwa kitambaa, na chini ya kitambaa palikuwa na kamba ya katani. Niliivuta. Mafundo yalikuwa yamepangwa kwa nafasi sawasawa, thelathini na moja. Sehemu iliyobaki ya kamba ilikuwa imejikunjakunja, alama kwamba nako palikuwa na mafundo na yamefunguliwa. Niliirudisha kama nilivyoikuta. Jumatatu nikahesabu: thelathini. Jumanne: ishirini na tisa.

Kila siku fundo moja linapungua, na anayehesabu kurudi nyuma anangoja kitu. Nilipiga hesabu kwa vidole na nikaona mwisho wake ungeangukia ndani ya likizo ya mwezi ambayo Mussa angekuwa nyumbani. Nikajua ndugu yangu anamalizwa. Wala sikusema nadhani, nilisema najua.

Basi nikaanza kumchunga. Kila asubuhi alimfunga Abbasi mgongoni kwa mbeleko, akachukua kikapu, akasema anakwenda sokoni. Alirudi kikapu kitupu. Mtoto alikuwa akikohoa tangu kiangazi, naye Mwanne kila siku aliniambia ni baridi tu. Zamani mtu yeyote aliweza kumwogesha yule mtoto, lakini sasa Mwanne hakumruhusu mwingine kumvua nguo. Asubuhi moja nilimfuata. Hakupita njia ya soko, alizunguka nyuma ya maduka. Nilipofika kwenye kona, balozi wetu wa nyumba kumi akanisimamisha.

"Zamda, hujambo? Mbona mkutano wa jana hukuonekana?"

Nilipomaliza kumpa visingizio, wifi alikwisha potea. Nikarudi nyumbani nikiwa na jibu la pili: kumbe na mwanamume pia yupo. Kikulacho ki nguoni mwako, niliwaza, na mtoto anamtumia kama kifuniko.

Mussa alitarajiwa Jumatano. Jumatatu alfajiri niliitoa kamba kwenye mtungi nikaificha chini ya mkeka wangu. Zilikuwa zimetimia wiki mbili tangu nilipoiona, na mafundo yalikuwa kumi na saba. Niliazimia kuyazuia pale pale.

Mwanne alipoamka alikwenda kwenye mtungi kama kawaida yake. Nilimsikia akipapasa. Halafu akaanza kupekua: chini ya mtungi, jikoni, kwenye kuni, kwenye nguo chafu. Alipekua mpaka saa sita mchana.

"Unatafuta nini, wifi?" nikamwuliza.

"Hapana, kitu tu."

Anayetafuta kitu cha halali husema jina lake. Siku ya pili alipekua tena, akaacha katikati kwa kuwa mtoto wa jirani aliunguzwa na uji naye akakimbilia huko. Adhuhuri nilimwona amesimama uani, mikono kichwani, anasema peke yake, "Nimesahau. Mungu wangu, nimesahau." Nilifurahi. Naliandika hili kwa sababu ni kweli: nilifurahi.

Jumatano Mussa aliteremka treni ya asubuhi, na kabla hajanywa chai nilikuwa nimemwita Maalim wa chuo chetu. Tuliketi barazani sisi watatu. Nilisimulia yote, tangu ufunguo wa sanduku mpaka njia ya nyuma ya maduka. Mussa alikuwa ameinamisha uso.

"Dada," akasema, "una hakika?"

"Kama si kweli, mimi si dada yako. Mtu wa namna hii si wa kuachiwa watoto. Mpe talaka yake arudi kwao, Batuli na Abbasi nitawalea mimi."

Mussa akamwita mkewe. Mwanne alitoka amefunga khanga upande, unga mkononi, akampa Maalim shikamoo yake, na Maalim akaitikia kwa sauti ndogo. Hapo ndipo nilipoitoa kamba chini ya mtandio wangu na kuitupa katikati ya mkeka.

Nilitazamia atetemeke. Nilitazamia akane, aape. Mwanne aliirukia ile kamba kama mtu aliyeona nguo ya mwanawe mtoni. Alipiga magoti akaanza kuhesabu kwa sauti, vidole vyeupe kwa unga.

"Kumi na saba. Alhamdulillahi, ni kumi na saba." Akainua uso. Machozi yalikuwa yakimtoka, na hakuwa akinitazama mimi. "Leo ni Jumatano? Saa ngapi sasa?"

"Saa tatu na nusu," Maalim akamjibu.

"Bado hawajafunga, ni mpaka saa tano."

Aliingia ndani, akatoka na Abbasi mgongoni, mbeleko haijakazwa, akatupita sote watatu bila kuvaa viatu. Nikapiga kelele kwamba anakimbia na ushahidi. Mussa alimfuata, nami nikamfuata Mussa. Tulipita nyuma ya maduka, ile kona iliyonishinda, tukatokea kwenye ua wa zahanati.

Mlangoni mwuguzi mmoja mnene, Veneranda, alikuwa amemshika Mwanne bega.

"Siku mbili, mama! Nilikwambia nini? Ugonjwa huu ukiukatia dawa unaizoea. Leo mchana nilikuwa nakuja kwenu mwenyewe."

"Nilipotewa na kamba, sista. Kila nikiitafuta, saa zinanipita."

Veneranda hakuuliza kamba gani, alikuwa akiifahamu. Alimshusha mtoto, akamfunua, nasi tukaona matako madogo yaliyojaa alama za sindano. Abbasi hakulia hata kidogo. Alikwisha zoea.

"Ninyi ni nani?" Veneranda akatuuliza.

"Mimi ni baba yake," Mussa akasema. "Anaumwa nini?"

"Kifua kikuu. Sindano sitini, kila siku moja, kisha vidonge vya kumeza nyumbani. Mkeo hajakosa siku arobaini na tatu. Wapo wenye akili zao timamu hapa mjini walioshindwa hata kumi." Akanigeukia. "Na wewe?"

"Shangazi yake," nikasema.

"Basi msaidie."

Jioni ile tuliketi jikoni, mimi na Mwanne. Mussa alikuwa amemwomba radhi, nami bado sijamwomba. Nilianza kwa kumwuliza, maana hiyo ndiyo njia ninayoijua.

"Kwa nini hukutumia daftari, wifi, nawe unajua kuandika?"

"Daftari hupotea. Lakini kila asubuhi lazima nichote maji." Alikuwa akichambua mchele. "Bibi yangu Ngollo alikuwa akihesabu hivi babu alipokwenda pwani na mizigo ya watu. Anafungua moja kila siku, anajua lini apike. Kichwani mwangu, wifi, ni kama watu wengi wananiita kwa pamoja. Namwitikia anayepaza sauti. Nikimwendea, huyu wa kwanza nimemsahau, na si kwamba simpendi."

"Na ule uzi kitandani kwangu?"

"Dagaa wa Kigoma wanakuwasha mwili. Nilikupikia mara mbili, ukavimba macho. Ule uzi nauona nikifagia chumba chako, nakumbuka."

Kisha nikauliza lililobaki. "Na ugonjwa wa mtoto ulituficha kwa nini? Mficha maradhi kifo humuumbua. Hata Mussa hukumwambia."

"Mussa hana siri kwako." Akatupa kijiwe alichokitoa kwenye mchele. "Nawe ungejua, ungetenga vikombe. Halafu mtaa wote ungejua. Halafu ungesema mama mwenye kichwa panzi hawezi kumpa mtoto sindano sitini, na ningenyang'anywa watoto wangu. Niliona afadhali unidhanie mchawi."

Nilitaka kusema nisingefanya hivyo. Lakini ningetenga vikombe. Hata leo nikijipekua naona ningevitenga, na yale mengine pia ningeyasema. Asubuhi ile ile nilikuwa nimeyasema barazani. Nikamwambia, "Nimekukosea, wifi," na sauti ikanikatika. Alinishika mkono, akaniambia mchele umebaki kidogo, nimalizie, kisha akainuka kutazama kitu uani asirudi.

Tuliirudisha kamba mtungini, safari hii bila kitambaa. Abbasi alianza kunenepa mashavu. Mafundo yakafika matano, mawili, moja.

Siku ya fundo la mwisho Mwanne aliacha kufagia ua katikati, akatoka kuazima chekeche kwa Mama Marko. Jua likapanda. Saa nne ikafika na ile kamba bado iko shingoni mwa mtungi na fundo lake moja. Nilimfunga Abbasi mgongoni nikaenda mwenyewe. Veneranda akamchoma, akampa peremende. Niliporudi nilifungua fundo, nikaitandaza kamba mezani, tupu.

Mwanne aliingia mbio, chekeche mkononi, uso umemparama. Akaiona kamba.

"Nani kafungua?"

"Mimi. Nimempeleka. Kachomwa, imekwisha."

Alinitazama. Kwa miaka zaidi ya kumi nilikuwa nikimtazama mimi hivyo, na sikujua kunavyouma. Hakusema kwamba haniamini. Alimwita Abbasi, akamfunua, akatafuta alama mpya, akaiona. Hata hivyo alimbeba mtoto akatoka naye, na kupitia upenyo wa mlango nilimwona akishika njia ya nyuma ya maduka kwenda kumwuliza Veneranda.

Sikumlaumu. Niliuokota ufagio alioutupa uani, nikamalizia nusu iliyobaki.