Waya wa Bungu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivuliwa viatu. Nilikuwa nimeajiriwa kuwa mpiga chapa katika ofisi kuu ya chama chetu cha wakulima, Korogwe mjini, na wiki hiyo kompyuta ya kwanza ilikuwa imeletwa. Waliifunika kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni. Ofisa Utumishi alisimama mlangoni akanitazama miguu.

"Binti, humu haliingii vumbi. Ukiiharibu hiyo, mimi na wewe tutarudi kulima."

Nikaingia pekupeku. Mlango ukafungwa, nikabaki mimi na mashine, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa hivyo.

Ninyi vijana huniuliza nilipandaje kutoka upiga chapa hadi kuwa mkuu wa TEHAMA. Hakuna ujanja. Kila mashine iliyokufa niliiomba kabla haijatupwa, nikaifungua na kuifunga; skrubu ikibaki mkononi, naanza upya. Mshahara ulipopanda kidogo nililipia kozi Tanga, kozi ikaupandisha tena, nami nikalipia nyingine. Nikajifunza kuunganisha mtandao, yaani kuzifanya kompyuta zizungumze, kisha kutunza seva, ile kompyuta kubwa inayohifadhi kazi za wenzake. Mwisho wa wiki niliwaunganishia mitandao wenye maduka na shule. Nyumba yangu ya Chanika, Handeni, imejengwa na kazi hizo za pembeni.

Raha yangu, hata hivyo, ilikuwa safari. Tawi la Kwamndolwa likikwama ni kwenda na kurudi. Bungu ni kupanda milima, na mvua ikinyesha unalala huko huko. Karani wa Bungu alikuwa Mama Sabina, Msambaa mjane aliyenizidi umri. Mimi Mzigua, nami mume nilikuwa nimeshamzika na mtoto sikujaliwa.

"Karibu, Mzigua. Leo angalau utashiba," alikuwa akinitania.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kutengeneza kompyuta, sikuja kula."

"Kompyuta haina njaa. Kaa."

Tulikula maharage na viazi, tukachambana kama watani wanavyochambana, kisha tukazungumza mambo ya wajane. Watu wa kunisalimia nilikuwa nao tele. Wa kuzungumza naye alikuwa huyo mmoja.

Nikahamishiwa Handeni kuwa mkuu wa kitengo cha TEHAMA cha matawi yote. Huko nikajifunza jambo lililonipa kipato kuliko yote: kuingia kwa mbali, yaani kukaa mezani kwako na kuitengeneza kompyuta iliyo mji mwingine. Meneja alifurahi, wateja wa nje nao wakaongezeka. Nikawa nawatengenezea watu ambao hata sauti zao sikuzijua, na chai nikawa nakunywa peke yangu.

Bungu tu ndiyo ilikataa. Kila baada ya muda kompyuta yao ilizimika kabisa, na iliyozimika huwezi kuiingia kwa mbali. Nikapanda mlima, nikakuta waya wa umeme umechomoka nyuma. Safari iliyofuata ikawa waya ule ule. Iliyofuata tena nikamtazama Mama Sabina, naye akaitazama sufuria.

"Mama, waya huu anauchomoa nani?"

"Nikikuambia njoo tuzungumze, utasema una kazi. Nikikuambia imezimika, unakuja."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na si yote yalikuwa ya kicheko.

Haikuchukua muda Meneja akaniita. "Mkuu wa kitengo, safari za Bungu basi. Tumekusomesha ili ukae hapa. Waelekeze kwa simu."

Mama Sabina alipopiga tena, Meneja alikuwa amekaa mbele yangu. Nikasema kama nilivyoagizwa, "Angalia waya nyuma, mama."

Akajibu, "Nimeuona, mwanangu. Imewaka."

Bungu haikuzimika tena. Mwaka ule ule alistaafu, akahamia kwa binti yake Mwanza, na sikumwona tena. Ofisini walinipongeza kwa kulitengeneza tawi sugu.

Sasa nami nimestaafu, na nasema wazi kwamba upweke unaniuma. Ujuzi ninao, vibarua bado vinaingia, lakini simu yangu huita mtu akikwama. Akishakwamuka, anakata. Vijana, jifunzeni kila kitu na daini malipo mazuri, ila msikubali kazi iwanyime watu wa kula nao.

Jana nilichomoa waya wa kifaa cha intaneti sebuleni, nikampigia Rehema, mwanafunzi wangu aliyerithi kiti changu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Intaneti imekufa."

"Taa zake zinawaka?"

"Hata moja."

"Hebu angalia waya nyu..." Kisa cha Bungu nilimsimulia siku nilipompokea kazini, akacheka sana. Safari hii hakucheka.

"Mama, umeuchomoa mwenyewe?"

"Nimeuchomoa."

"Basi usiuchomeke. Kesho nakuja kuuchomeka mimi. Utapika nini?"

"Bada," nikamwambia, huo ugali wetu wa muhogo, "na mlenda."

Nyumba haina intaneti tangu jana. Unga nimeshauchekecha, na waya bado uko sakafuni pale pale nilipouacha.