Valvu ya Nne ya Landrova ya Makurunge

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda na hina mikononi. Nilikuwa bi harusi wa juma moja, fungate haijaisha, na karakana ya wilaya pale Bagamoyo ikaniita. Mume wangu akasema, "Nenda, mimi nitakuwepo jioni." Nikavaa suruali niliyotoka nayo chuo cha ufundi, nikajifunga kanga juu yake, nikaenda.

Fundi Mkuu alikuwa mtu wa Pangani, mfupi, mkali, kofia yake ya mkono imegeuka rangi kwa oili. Nikamwamkia, "Shikamoo, Fundi Mkuu."

"Marahaba, binti. Bangili hizo vua. Hina iache, oili itaimaliza yenyewe."

Basi, ndiyo yakawa mapokezi. Hakuniuliza mwanamke anatafuta nini gereji. Alinikabidhi fila, yaani vibamba vyembamba vya chuma vilivyofungwa pamoja upande mmoja, kila kimoja na unene wake, akanipeleka kwenye injini iliyofunuliwa juu. Nikaona roka zimejipanga, zinang'aa kwa oili, na moyo wangu ukaruka. Ninyi mtacheka, lakini kuna watu wanapenda dhahabu na kuna sisi.

Nieleze kidogo, maana magari mengi ya siku hizi hayahitaji kazi hii mara kwa mara, na baadhi yenu hamtaiona kabisa. Valvu ni mlango wa silinda. Mmoja huingiza hewa na petroli, mwingine hutoa moshi. Kila mlango hufunguliwa na roka, mkono mdogo wa chuma unaoubonyeza kwa juu. Kati ya roka na valvu lazima pabaki nafasi ndogo sana, kwa sababu chuma kikipata joto hutanuka. Sisi kuipima nafasi hiyo tulikuita kupima tapeti. Nafasi ikizidi, injini inagonga. Ikikosekana, mlango haufungi sawasawa, moto unapenya, valvu inaungua.

"Bamba lipite likisitasita," Fundi Mkuu alinifundisha, "kama mkwe anapoingia ukweni. Aingie, lakini asiingie kwa mbwembwe."

Halafu akanipa hesabu ya tisa. Injini ya silinda nne za mstari ina valvu nane. Ukizungusha injini ukaona valvu ya nane imezama mpaka mwisho, ya kwanza imetulia, ipime. Ikizama ya tano, pima ya nne. Zinazojumlika tisa ni ndugu: mmoja akiwa kazini, mwingine amepumzika. Nilirudi nyumbani nikaimba hesabu hiyo mpaka mume wangu naye akaijua.

Sasa sikilizeni kosa letu watu wa pwani. Tunapenda injini ya kimya. Tajiri, ndivyo tulivyomwita mwenye gari, alikuwa anakuja analalamika: "Fundi, gari langu linagonga, naona haya kulipitisha msikitini watu wakiwa kwenye sala." Mafundi wengi, kwa kumfurahisha, walibana tapeti mpaka sauti ikafa. Tajiri akaondoka anacheka, na baada ya muda akarudi anavutwa kwa kamba. Fundi Mkuu alikuwa hana subira na jambo hilo hata kidogo. "Usimsikilize tajiri!" alifoka. "Tajiri anataka adabu, valvu inataka nafasi!"

Baadaye nilihamishiwa karakana ya boti, upande wa Mbegani, chini ya Mkuu wa Boti. Yeye alikuwa mpole, ila uchafu ulimtia homa. Kabla ya kufungua nati yoyote ilibidi injini ioshwe nje kwa brashi na mafuta ya taa mpaka chuma kionekane rangi yake. Ukishafungua, kila tundu unaliziba kwa kitambaa, na kitambaa kiwe kipande cha kanga nyekundu, si rangi nyingine. "Nyekundu haijifichi kwenye oili," alisema. Wanawake wa Mbegani walikuwa wanatuwekea kanga zao zilizochakaa, na sisi tukiwatengenezea cherehani.

Nilikaa pia bohari kuu Dar es Salaam, kwenye kiti, nikigawa vipuri chini ya Bwana Bohari. Sina la kusema kuhusu bohari. Nilipoomba kurudi Bagamoyo nikarudishwa, na mwisho nikawa Fundi Mkuu mimi mwenyewe mpaka nikastaafu. Juma la kwanza la ustaafu nilipanga upya vyombo vyote vya jikoni. Juma la pili mume wangu akanisihi, "Mwanaidi, kwa hisani yako, tafuta gari bovu."

Gari bovu likaja lenyewe. Mama Tausi, mjane anayelima mananasi Makurunge, alinitumia salamu kwamba Landrova ya marehemu mumewe imelala kibandani miaka mingi na anaitaka iamke. Nilipofika akanieleza bila kuzunguka. Gari anajua kuendesha, ila nyonga inamuuma, bodaboda hawezi kuipanda, na mwanawe Rama anakuja mwisho wa juma kumhamishia Dar.

"Ana haki," alisema. "Huku nikiugua, nani atanifikisha hospitali? Lakini Mwanaidi, mimi nikakae ghorofani nitazame nini? Amesema Landrova ikiwaka kabla hajaondoka Jumapili, nibaki. Isipowaka, nimfuate, na chuma kiuzwe."

Nilifungua boneti. Nyigu wa udongo walikuwa wamejenga mtaa mzima kwenye njia ya hewa. Oili iliganda kama uji wa jana. Nikatamani kupiga vigelegele! Juma lile lote nilifanya kazi nikiwa na furaha ya bi harusi. Nilibomoa mtaa wa nyigu, nikamwaga petroli iliyooza, nikafufua breki, nikajaza matairi upepo. Nikamimina mafuta ya taa kidogo kwenye matundu ya plagi ili pistoni zilizoshikana zilegee. Nikaosha nje kwanza, nikafungua kava la valvu, nikaziba matundu kwa kanga nyekundu, nikakwangua ule uji kijiko kwa kijiko mpaka roka zikaonekana.

Rama alifika Jumamosi. Ni kijana mwema, dereva wa lori, na alikuja na masanduku matupu ya kupakia vitu vya mama yake. "Shikamoo, Mama Fundi," aliniamkia, akatazama injini akatikisa kichwa. Nikamwambia badala ya kutikisa kichwa azungushe hendeli, ule mkono wa chuma unaotiwa mbele ya gari.

Pistoni zilikuwa zimeachia, alhamdulillahi, nikarudisha plagi azungushe tena. Lakini mahali pamoja hendeli ilipita kwa urahisi mno, na kwenye bomba la moshi nikasikia pumzi: fsss. Nikaweka fila. Valvu ya nne, ya kutolea moshi, haikuwa na nafasi hata ya unywele.

"Nani aliigusa hii mara ya mwisho?" niliuliza.

"Marehemu alimwambia fundi ainyamazishe," Mama Tausi alijibu. "Alipenda gari kimya."

Nilikaa juu ya ndoo. Ikiwa valvu ile imeungua, ni lazima kichwa cha injini kishuke na valvu mpya itafutwe Dar, na kesho ni Jumapili. Nilimtazama Mama Tausi, naye akayatazama yale masanduku. Niliogopa kweli, sifichi.

"Rama, zungusha polepole. Polepole! Simama!" Ya tano ilikuwa imezama mpaka mwisho. Nikalegeza nati ya roka ya nne, nikarudisha skrubu, nikaingiza bamba namba kumi, unene unaotakiwa na Landrova, nikakaza. Bamba likapita likisitasita. Nikazipima zote nane, ndugu kwa ndugu, kisha nikaipigapiga ile ya nne kwa mpini wa nyundo ya mti ili ikae vizuri kwenye kiti chake.

"Zungusha tena."

Rama akazungusha, na hendeli ikagoma pale pale! Akasukuma kwa bega, ikarudi nyuma ikamsukuma. Alinitazama macho yamemtoka. "Mama Fundi, imekuwa nzito."

"Pumzi imerudi!" nilipiga kelele, kuku wakakimbia. "Valvu inafunga, Rama, valvu inafunga!"

Nikachomoa vitambaa vyote, nikatia oili na petroli mpya, nikafunga kava. Betri hatukuwa nayo. Jumapili asubuhi Rama akaazima ya bodaboda wa jirani, kwani kwa kuwasha plagi tu hiyo inatosha, nguvu inatoka kwenye hendeli. Nikamwonya asizungushie dole gumba kwenye hendeli, injini ikipiga teke itamvunja. Akavuta mara moja, kimya. Akavuta tena, ikakohoa moshi mweupe wa mafuta ya taa. Ya tatu ikawaka! Ikanguruma, ikatetemesha kibanda, na Mama Tausi akapiga vigelegele kwa niaba yetu sote.

Moshi ulipopungua, Rama akainamisha sikio. "Mbona inagonga tik-tik-tik?"

"Iache igonge," nikamwambia. "Ule ukimya ndio uliotaka kuiua."

Watu huniuliza kustaafu kunanipa nini. Siku hizi nasikia vibaya, magoti yanalia, na spana kubwa naishika kwa mikono miwili. Lakini vidole bado vinajua bamba linaposita, na naona ujuzi wa mkono haustaafu mpaka mwenyewe uufungie kabatini. Nilifundishwa na watu wakali na watu wapole, na wote walitaka jambo moja: kitu kikitoka mikononi mwako kiende. Ninyi mnaoshika kompyuta za magari, nawaombea furaha ile ile.

Mama Tausi hakungoja chai. Alipanda kwa taabu, akishika mlango, akaketi nyuma ya usukani, akajaribu klachi mara mbili. Rama akasogea upande wa dereva. "Mama, shuka nikuendeshee, njia mbaya."

"Mizigo yako iko wapi?" mama akauliza.

"Yangu ni begi tu. Masanduku ni ya..."

"Masanduku niachie, nitawekea mbegu. Chukua begi lako, upande. Nakupeleka stendi."