Bahasha Kwenye Msumari

Wanafunzi walimwita Mwalimu Nukta, naye alilijua jina hilo siku nyingi, ila alijitia hajui. Lilimfaa. Hakuna mtoto wa darasa la tatu aliyewahi kumkabidhi sentensi isiyo na nukta ikapita salama. Aliirudisha kwa mwenyewe papo hapo na kumuuliza kama na nyumbani kwao huwa wanalala mlango wazi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufika darasa la sita bila kupitia korido, na kwa miaka kumi na minne alikuwa akifundisha lugha kwa raha zake zote. Hesabu ilikuwa habari nyingine. Hesabu aliifundisha vizuri, lakini kwa adabu, kama mtu anavyokaa ukweni.

Ndiyo maana wengi walishangaa alipobuni saa ya Ijumaa, maana humo lugha na hesabu zilikwenda pamoja. Kila Jumatatu watoto walipeleka nyumbani karatasi moja. Juu iliwaeleza wazazi darasa linajifunza nini wiki hiyo, katikati ilikuwa na maneno mapya matano, na chini lilikuwapo swali la hesabu lililoandikwa kama hadithi. Mtoto alitakiwa kulijibu kwa sentensi kamili na kueleza amefikaje huko, kisha atie karatasi yake kwenye sanduku la viatu lililokuwa mezani kwa mwalimu. Jibu lenyewe lilikaa ndani ya bahasha ya kaki, imebandikwa gundi, inaning'inia kwenye msumari kando ya ubao. Sheria ilikuwa moja tu: asiiguse mtu mpaka Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Kufikia Jumatano watoto wote arobaini na mmoja walikuwa wakiikodolea macho hata wakati wa somo la usafi.

Wiki ninayoisimulia, swali lilikuwa hili. Fundi seremala ana ubao wa futi kumi na mbili. Anataka kuukata apate vipande vya futi tatu tatu. Kila anapokata hutumia dakika tano. Je, kazi itamchukua dakika ngapi? Mwalimu Nukta aliona vipande ni vinne, mara tano ni ishirini. Akaandika ishirini, akaifunga bahasha, akaenda kunywa chai.

Kabla ya hapo karatasi ilipitia kwa mwalimu mkuu, kwa sababu hakuna kitu kilichotoka shuleni pale bila muhuri wake. Alikuwa mzee mrefu wa miwani, mtu wa hesabu tangu ujana, asiyependa kelele wala maneno mengi. Aliisoma, akaigonga muhuri, kisha akamwambia Mwalimu Nukta jambo ambalo alikuwa amelikalia tangu muhula uanze. Walimu wengine walilalamika kwamba darasa la tatu linapiga kelele Ijumaa. Wengine walisema saa hiyo ingefaa zaidi kwa mazoezi ya mtihani. Kwa hiyo Ijumaa hii angekuja kukaa nyuma ya darasa aone kwa macho yake, na kama ni kelele tu, saa hiyo ingekwenda kwenye mazoezi kuanzia wiki ijayo. Mwalimu Nukta alisema sawa, mwalimu, akatoka. Saa ile aliipenda kuliko alivyoweza kumweleza mtu yeyote, achilia mbali mtu asiyependa maneno mengi.

Wiki ikaenda vizuri mpaka Alhamisi jioni. Alikuwa uani nyumbani kwake, ameinama kwenye beseni, anakata mche wa sabuni ya kufulia ili kila mtu apate kipande chake. Alitaka vipande vinne. Akapitisha kisu mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, akainua kisu akate tena, na hapakuwa na cha kukata. Vipande vinne vilikuwa vimelala mbele yake, vimetulia. Akavihesabu. Akahesabu alivyokata. Akakiweka kisu chini, kwa sababu fundi wake wa kwenye bahasha alikuwa amekata ubao mara nne pale ambapo mara tatu zilitosha, na swali la upuuzi huo lilikuwa limeingia katika nyumba arobaini na moja likiwa na muhuri wa shule.

Mume wake, mpishi wa hospitali, mtu asiyejua kuhangaika, alimkuta ameshika tama, sabuni mkononi. Akaelezwa yote. Alicheka kwanza, tena sana, na alipoona mwenzake hacheki akajirudi.

"Mama watoto, bahasha ni yako na ufunguo wa darasa unao," alisema. "Kesho wahi, weka nyingine inayosema kumi na tano, yaishe. Nani atajua?"

Mwalimu Nukta alisema hiyo ni hila. Mume akasema ni marekebisho. Walibishana mpaka chakula kikaiva, na kabla ya kulala bahasha mpya ilikuwa ndani ya mkoba, chini ya kanga ya akiba.

Asubuhi aliingia shuleni wakati mfagiaji hata hajamaliza uwanja. Alikuta mlango wa darasa uko wazi, maana mfagiaji alikuwa na ufunguo wake, na ndani palikuwa na mtoto mmoja. Alikuwa binti wa seremala wa mtaa wa nyuma, yule ambaye wenzake walimwita Kimya kwa sababu tangu mwaka uanze hakuna aliyemsikia akisoma kwa sauti. Majibu yake ya Ijumaa huwa mstari mmoja, wenye nukta, na basi. Sasa alikuwa amekaa kwenye dawati la mbele kabisa, lakini amelikalia kinyume, uso kwenye ukuta wa nyuma.

Mwalimu akamuuliza mbona amekaa hivyo.

"Nimewahi ili nitie karatasi yangu kwenye sanduku wenzangu hawajaja," mtoto alisema. "Nimeandika ukurasa mzima. Halafu nikabaki peke yangu na bahasha, nikaona bora niipe mgongo. Sijaiangalia hata kidogo, Mwalimu."

Mwalimu Nukta alisimama pale na mkoba wake kwapani. Mtoto wa miaka tisa, peke yake chumbani, hakuna wa kumwona, na ameilinda sheria kuliko aliyeitunga. Aliona aibu, na ilikuwa aibu ya kweli. Akamshukuru mtoto, akautia mkoba kwenye kabati, akalifunga kwa ufunguo. Kama saa ya Ijumaa ilikuwa inakufa, basi ife ikiwa safi.

Baada ya chakula mwalimu mkuu akaja kama alivyoahidi. Alijikunja kwenye kiti cha mtoto nyuma ya darasa, magoti yakampanda kifuani, na watoto wa karibu wakaziba midomo kwa daftari. Mwalimu Nukta akafungua sanduku, akasoma majibu moja moja. Thelathini na wanne walisema ishirini. Watano walisema kumi na tano. Mmoja alisema inategemea kama fundi amekula. Ikabaki karatasi ya Kimya, iliyojaa pande zote mbili, naye mwalimu akamwuliza kama angependa kuisoma mwenyewe.

Darasa likageuka kumtazama. Kimya akaishika karatasi ikamfunika uso. Kisha sauti ikatoka nyuma ya karatasi.

"Baba yangu hukata mbao kila siku. Juzi nilimwomba akate ubao kama ule wa kwenye swali nimhesabie. Alikata mara tatu tu. Kipande cha mwisho hakikatwi, kinabaki chenyewe. Kwa hiyo ni dakika kumi na tano. Lakini Baba amesema swali lina kosa jingine. Msumeno hula ubao kidogo kila unapopita, na unga wake huanguka chini. Kwa hiyo kipande cha mwisho hakifiki futi tatu. Nilikipima, ni kweli. Baba hukiita Aliyekula Mwisho, maana hupata kilichobaki."

Aliisoma mpaka nukta ya mwisho. Darasa likalipuka. Wa ishirini walisimama kuwabishia wa kumi na tano, mmoja akachora ubao hewani, mwingine akataka kujua ule unga ukikusanywa utarudi kuwa ubao. Zilikuwa kelele zile zile zilizolalamikiwa. Mwalimu Nukta hakuthubutu kutazama nyuma. Alitoa bahasha msumarini, akaichana, akaandika ubaoni kilichokuwamo: ishirini. Wa ishirini wakashangilia mpaka madirisha yakalia, na Kimya akaishusha karatasi yake taratibu.

"Kaeni," mwalimu alisema. "Bahasha imekosea. Aliyeiandika ni mimi, na nilikosea."

Akatoa mche mzima wa sabuni na kisu alivyokuwa amevitafuta wakati wa chakula, akaviweka mezani, akamwita kiongozi wa kundi la ishirini ahesabu kwa sauti yeye akikata. Moja. Mbili. Tatu. Vipande vinne. Yule mtoto akavitazama, akavigeuza, akatazama chini ya meza kama kuna mkato wa nne uliodondoka, na darasa zima likavunjika mbavu.

Hapo kiti cha nyuma kikalia. Mwalimu mkuu alikuwa anajikunjua. Alikuja mbele akiwa na karatasi ya Jumatatu mkononi, akaionyesha darasa pale penye muhuri.

"Nimefundisha hesabu miaka ishirini na sita," alisema. "Hili swali nililifanya mwenyewe kabla ya kugonga muhuri, nikapata ishirini. Kwa hiyo tuko wawili." Akamgeukia Kimya, akainama mpaka macho yao yakalingana. "Hapo kwenye msumeno sikusikia vizuri, binti. Nisomee tena."

Kimya akamsomea tena, safari hii uso wake ukiwa juu ya karatasi. Mwalimu Nukta akajifanya anakusanya sabuni, kwa sababu machozi yalikuwa yanamlengalenga na hakutaka darasa limwone.

Watoto walipotoka, mwalimu mkuu alibaki akifuta miwani. Alisema kelele alizozisikia siku hiyo zilikuwa za hesabu, na za namna hiyo alikuwa hajazisikia siku nyingi. Mazoezi ya mtihani yangetafutiwa siku nyingine. Kisha akauliza, kwa aibu kidogo, kama swali la wiki ijayo angeweza kuletewa bila jibu, naye aingoje bahasha kama watoto.

Mwalimu Nukta akamwambia hata yeye jibu hatakuwa nalo. Alikuwa amekwisha kumkabidhi Kimya bahasha tupu na kazi ya kutunga swali, na Jumatatu asubuhi ilirudi imejaa na kubandikwa gundi kiasi cha kutosha bahasha kumi. Swali lilihusu dawati, misumari na nyundo moja inayoazimwa, na watu wazima wote walilikunia kichwa. Wiki nzima bahasha ilining'inia pale karibu na ubao. Alhamisi mfagiaji alipopita na ndoo yake alimkuta Mwalimu Nukta peke yake darasani, anasahihisha madaftari, kiti amekigeuza kinyume, bahasha ameipa mgongo.