Hodi ya Mlango wa Mbele

Jamaa za Eufrosina hawabishi hodi mlango wa mbele. Hupita uchochoro wa nyuma, wakapiga mluzi wa kijijini kwao Oaxaca, ng'ambo ya mpaka, lango likafunguliwa. Kwa hiyo mlango wa mbele ulipogongwa kwa mara ya tatu wiki ile, watu wote wanane wa nyumba walijua ni mgeni, wakakaa sakafuni mchana kweupe wakibana pumzi.

Eufrosina alichungulia pembeni mwa pazia. Mwanamke mwenye beji na mkoba. Yeye na mumewe, Abundio, walipata karatasi za ukaazi zamani. Roho yake ilikuwa kwa mdogo wake Fidencio, aliyekuwa akiishi gerejini na mkewe Hermila na watoto wanne, bila karatasi hata moja.

"Ni wa sensa tu, dada," Fidencio alinong'ona. "Na vimiguu vile atanikimbiza mimi?"

"Nyamaza wewe! Nani kakwambia sensa haina mdomo?"

Alikuwa mwoga, wala hakuona haya. Miaka ishirini na mitatu ya kushona mifuko ya jinzi, amewaona wenzake wakitoka kwenda kazini wasirudi, wamekamatwa na watu wa uhamiaji. Alipohamia mji huu wa Compton, mtaa mzima ulikuwa wa Weusi. Siku hizi kanisa la Kibaptisti la kona lina ibada ya Kihispania, na Weusi wamebaki nyumba mbili. Mmoja wao ni Mzee Pettway wa jirani, ambaye salamu yake miaka yote ni kutikisa kichwa. Eufrosina aliamini mzee anawachukia kwa kumjazia mtaa. Kumuuliza hakuwahi.

Yule mwanamke alikata tamaa, akaenda kwa Pettway. Mzee akatoka barazani, akaionyesha nyumba ya Eufrosina, akaionyesha gereji, kisha akainua vidole. Vinane.

"Ametuuza," Eufrosina alisema.

"Umesikia alichosema?" Abundio aliuliza.

"Vidole vinataka mkalimani? Fidencio, ondokeni. Leo hii."

"Wifi, watoto wana mtihani Ijumaa," Hermila alimsihi.

"Mtihani watafanya wakiwa na baba yao!"

Saa kumi alasiri gari lilikuwa limejaa magodoro, wakaondoka kuelekea Fresno kwa binamu wa Hermila. Kitinda mimba alimlilia shangazi yake mpaka wakakata kona.

Asubuhi Mzee Pettway aliita kutoka kwenye uzio. Eufrosina alimfuata kwa hasira, akamrushia Kiingereza chake cha kiwandani.

"Ulimwambia nini yule mwanamke?"

"Kwamba mko wanane. Usipofungua, mama, wanamuuliza jirani. Kazi yao ndivyo ilivyo."

"Na majina yetu?"

"Majina? Ungekuwa umewahi kuniambia lako, ningelijua." Mzee alicheka kidogo, kisha akaacha. "Sikiliza. Sisi tulikuwa Weusi wa kwanza mtaa huu. Wazungu walikuwa wakihama mmoja mmoja, kama vile tumekuja na tauni. Mtu wa sensa alipita hatupo, mama kazini, sisi shuleni. Jirani yetu Mzungu akaulizwa, akasema nyumba ile haina mtu. Tulikuwa saba! Mama yangu alisimuliwa baadaye, akalia. Ndiyo maana jana nikasema wewe hutafanyiwa hivyo, si mimi nikiwa hai."

Eufrosina alishika uzio. Hasira ilimtoka yote, na mahali pake pakaingia kitu kibaya zaidi.

"Au nimekosea hesabu?" mzee aliuliza. "Wale wadogo hawatulii, huenda nimemhesabu mmoja mara mbili."

"Hukukosea."

"Basi mbona leo siwasikii?"

"Nimewafukuza mimi," alisema. "Nilikuogopa wewe."

Mzee Pettway aligeuka kuitazama gereji. Fresno ni mwendo wa saa nne, na Fidencio hana leseni wala karatasi ya kuwaonyesha polisi wakimsimamisha. Tangu jana jioni Eufrosina anapiga simu yake, inaita, na hakuna anayeipokea.