Alama ya Meno ya Nkwabi

Bwana Mhariri, jina langu lifiche. Nimekosa! Mimi niliyejigamba Tabora nzima kwamba hakuna jambo la kunishangaza. Shule niliishia darasa la pili, nikaanza na kibuyu kimoja cha asali begani, kwa miguu mpaka Ujiji. Leo nina duka lenye paa la bati. Nani aniambie nini?

Kumbe duka lile lilisimama kwa meno ya Nkwabi.

Nkwabi ni kipofu, ndui ilimharibu macho utotoni. Kwangu alikagua nta ya nyuki. Ananusa, anakwaruza kwa kucha, anang'ata pembeni. Ikiwa imechanganywa mafuta ya ng'ombe, anatema. Ikiwa safi, inabaki na alama ya meno yake yenye pengo, na wanunuzi wote waliitafuta alama hiyo.

"Bwana mkubwa," alinitania, "una macho mawili na bado wanakuuzia mafuta! Shukuru pengo langu."

Alitembea kifua mbele, yule.

Siku moja akaja mnunuzi Mzungu. Akainua kipande. "Alama hii ya nani?"

Loo! Nikaona haya kutaja kipofu. "Yangu, bwana," nikasema, midomo nimeibana asinione meno.

"Na huyu?"

"Maskini tu. Namlisha kwa ajili ya Mungu."

Nkwabi alikuwa hatua tatu tu kutoka kwangu. Nta ikamponyoka mkononi.

Kesho yake hakuja. Nikamfuata kwake Ipuli na kipande cha nta, nikamwomba radhi, nikamsihi aonje. Akang'ata, akakwaruza kwa kucha, akang'ata tena.

"Sijui," akasema. "Labda safi. Labda mafuta. Muulize mwenye meno."

Yalikuwa mafuta matupu, hata mimi niliyanusa! Nilidhani ananikomoa. Wapi! Alikuwa bado anakigeuzageuza kile kipande, anakinusa upya.

Wafanyabiashara wengine wamemwita, haendi. Mkewe ananiambia, "Zamani alinikagulia hata unga. Sasa kila asubuhi ananiuliza kama shati amelivaa sawa."

Mzigo uliofuata niling'ata mwenyewe. Ukarudishwa wote. Hasara hiyo siihesabu.

Ninyi wenye mtu wa namna hii, mbele ya wageni mtajeni kwa kazi yake! Msimwonee haya hata kwa neno moja. Mimi nimekwisha kuchelewa.

Juzi mkewe alikuja dukani, akaweka mezani kitambaa chenye fundo. Ujira wa siku ile ya Mzungu. "Anasema siku hiyo hakufanya kazi, ulimlisha tu. Anakurudishia."

Nikafungua. Shilingi moja na senti hamsini.