Picha Nne Nilizozifuta

Jumamosi iliyopita mwenzangu wa chumbani hapa Kasulu alianika betri za redio dirishani. Betri zikichoka ukiziweka juani zinapata nguvu kidogo, angalau ya kumalizia taarifa ya habari. Jua lilipozipiga zikaanza kutoa ile harufu yao, chachu kidogo, kama sarafu uliyoishika siku nzima mkono ukitoka jasho. Mwenzangu alikuwa ananieleza kitu kuhusu mtihani. Sikumsikia tena. Nilikuwa nimerudi Makere, nina miaka kumi na mbili, nimechuchumaa kwenye umande kando ya Mjomba Laurenti, tunaangalia picha za nguruwe pori.

Naandika haraka kabla haijanitoka. Mimi nikingoja sana, jambo linakauka.

Mjomba Laurenti ni kaka yake mama. Miaka ya nyuma aliwahi kubeba mizigo ya watafiti waliokuwa wanahesabu wanyama kwenye misitu ya huku kwetu. Walipoondoka walimwachia kamera moja mbovu, ya aina ile ya kufungwa kwenye mti. Kinachopita mbele yake kikiwa na joto la mwili inakipiga picha yenyewe, mchana na usiku, bila mtu. Kifuniko chake kilikuwa hakishiki, kwa hiyo Mjomba alikifunga na mpira wa tyubu ya baiskeli. Ilikuwa inakula betri nane, na betri hizo aliishi akizianika juu ya bati kama watu wanavyoanika dagaa. Kijijini waliiita Jicho. Mtu akipoteza kuku alikuwa anasema kwa sauti, ili mwizi asikie, "Ngoja Laurenti afunge Jicho."

Mwaka huo nguruwe walilivamia shamba la mama. Sijui kama mmewahi kuona nguruwe pori wanavyokula mahindi. Mtu akiiba mahindi anavunja hindi anaondoka. Nguruwe analaza mmea mzima, anang'ata mara moja, anauacha, anahamia wa pili, kama mtoto aliyepewa sahani ya biskuti. Kwa siku tatu theluthi ya shamba ilikuwa imelala chini. Baba alikuwa kwenye kazi ya chumvi huko Uvinza na lile ndilo lilikuwa shamba letu la kula mwaka mzima, hakuna jingine. Mama alikuwa anatoka asubuhi kwenda kuangalia, anarudi, anakaa kwenye kigoda bila kuvua kanga ya begani. Heri angelia.

Mjomba alifuatilia kibali cha kuwawinda, na bwana nyamapori akampa siku moja tu, Jumamosi. Mwenyekiti wa kitongoji naye akaongeza la kwake. Alisema hivi, nilikuwepo: "Na hizo picha zote nizione mimi. Nasikia watu wa kambini wanatoka kuja kukata kuni huku bondeni. Nataka kuwajua."

Wakimbizi wa kambini walikuwa hawaruhusiwi kutoka. Aliyekamatwa nje alinyang'anywa kuni na panga na kuwekwa mahabusu, na wengine tulisikia walipigwa. Sisi watoto tulijua hivyo kama tunavyojua mvua inanyesha. Sikuwa nimewahi kufikiria zaidi ya hapo.

Jumamosi tulitoka kumepambazuka. Wanaume tisa, mbwa saba, na mimi. Gervas, aliyewahi kuwa mgambo na akabaki na sauti yake, aliponiona akasimama.

"Laurenti, tunaenda kuwinda au tunaenda kipaimara? Mtoto wa kike wa nini?"

"Huyu ni miwani yangu," Mjomba akasema. "Wewe ukiweza kusoma yale maandishi madogo ya Jicho, arudi nyumbani."

Mimi nikatembea kifua mbele mpaka nikajikwaa.

Mbwa wetu wa kuwinda wanavaa njuga shingoni ili wakizama kwenye matete ujue walipo. Lakini mkiwa njiani njuga zinazibwa kwa majani, zisilie mkawaamsha nguruwe. Na desturi ni hii: mwenye wavu ndiye anayechomoa majani kwenye njuga ya mbwa wa kwanza. Kabla hajachomoa, haingii mtu, hata awe na hasira ya kumng'ata mbwa mwenyewe. Siku hiyo wavu ulikuwa wa Mjomba, na mbwa wa kwanza alikuwa wa kwake, jike jekundu anaitwa Semeni. Alimpa jina hilo kwa ajili ya majirani waliokuwa wanamsengenya.

Wanaume wakabaki chini mtoni na mbwa. Mjomba, wavu begani, na mimi tukapanda kidogo mpaka kwenye mti uliofungwa Jicho, kwenye kinjia kinachotoka kwenye matete. Akafungua ule mpira, akapuliza wadudu, akanipa. Ndani kulikuwa na kioo kidogo kama kiberiti. Tuliinamisha vichwa pamoja chini ya koti lake ili mwanga usitusumbue, tukawa tunanusa betri, tumbaku na mbwa.

Nisiwadanganye, nimeona televisheni kubwa tangu hapo, na hakuna iliyonishika kama kile kioo. Picha za usiku zilikuwa za kijivu na macho ya wanyama yanawaka kama vibatari. Paa mmoja amegeuza shingo. Nungunungu kutoka nyuma, kama ufagio unaotembea. Halafu nguruwe: dume mbele, majike, watoto wenye mistari, wote wanaelekea shambani kwa mama, na saa kumi za alfajiri wote wanarudi matumbo yamejaa mahindi yetu. Mjomba alikuwa ananiuliza kwa kunong'ona. Saa ngapi? Na jana? Mguu upi umetangulia? Kutokana na picha kumi tu alijua wanalala upande gani wa matete, nani anaongoza, na nani anachechemea. Alichora yote kwa kijiti kwenye udongo. Mimi nilikuwa naona nguruwe tu. Yeye alikuwa anasoma barua.

Nikabonyeza tena, na hakuwa nguruwe.

Alikuwa mwanamke, mchana kweupe. Ana mzigo wa kuni kichwani, panga mkononi, na mtoto mgongoni kwenye kitenge cha njano. Nikabonyeza. Yeye tena, siku nyingine, saa ileile. Zilikuwa picha nne za asubuhi nne. Mbili za akitoka na kuni saa tatu na dakika chache, mbili za akiingia saa moja. Katika ile ya nne, ya asubuhi hiyohiyo, alikuwa amepita karibu sana na mti, na mtoto alikuwa amenyoosha mkono kuigusa kamera, kwa hiyo nusu ya kioo ilikuwa ni kiganja tu, chenye ukungu, vidole vitano.

"Mtu wa kambini," nikasema.

Mjomba akauliza saa hizi ni saa ngapi. Nikamwambia saa mbili kasoro. Maana yake alikuwa mlemle ndani, kwenye matete, palepale tunapotaka kuwafukuza nguruwe kwa mbwa na mikuki.

"Odeta," akasema. "Kuna kitufe cha kufuta?"

"Kipo. Chenye alama ya pipa."

Akanitazama. Hakuniambia bonyeza. Alitazama tu, halafu akageuza uso akaangalia bonde. Nikabonyeza. Kamera ikaniuliza kwa Kiingereza kama nina uhakika, na kwa sababu mimi ni mtu wa haraka, nikasema ndiyo mara nne.

Nilidhani sasa tutashuka tuanze. Wapi! Mjomba akaketi.

Baada ya muda Gervas akaita kutoka chini: "Laurenti! Mnaangalia sinema?"

"Wavu una tundu," Mjomba akajibu. "Nashona."

Na kweli ulikuwa na tundu. Akalishona polepole kama anashona gauni la harusi. Jua likapanda. Mimi nilikuwa nang'oa majani kwa hasira. Nilikuwa nayaona mahindi ya mama yamelala, naona kibali cha siku moja kinaisha, naona nguruwe wanaamka na kwenda zao. Nikamwambia, "Mjomba, twende tu, tumpigie kelele atoke." Akasema, "Ukipiga kelele, nani mwingine atasikia?" Nikafikiria Gervas. Nikanyamaza, lakini si kwa kukubali.

"Bado?" Gervas tena. "Tundu gani hilo, la sindano au la ng'ombe?"

"Jino linaniuma. Ngoja litulie."

Jino lilikuwa linamuuma tangu Pasaka. Baadaye tukashuka, akawaambia hawajasali. Wakavua kofia, wakasali, na sala ile ilipita Burundi, ikapita Kongo, ikazunguka wagonjwa wote wa hospitali ya Kabanga mmoja mmoja. Nikafumbua jicho nikaona Semeni amelala usingizi. Mzee mmoja aliitikia amina mara tatu mahali pasipo pa amina, akitumaini imeisha. Walimcheka Mjomba waziwazi. Walisema amezeeka, anaogopa nguruwe, ajifungie nyumbani na kamera yake wazae watoto. Yeye akatabasamu tu ameshika shavu, tukarudi kule juu kwenye mti.

Tulimsikia kabla hatujamwona, vijiti vinavunjika. Akatokeza kwenye kinjia na kuni kichwani, kitenge cha njano, akatuona, akakauka.

"Mwakeye, mama," Mjomba akasema, kwa salamu yetu ya asubuhi.

"Papa, pardon," akasema yule mwanamke, Kiswahili chake cha Kongo. "Miye natafuta tu kuni, papa. Hatuna za kupikia."

"Najua. Usipite mtoni, kuna watu na mbwa. Panda huku juu, uzunguke kichuguu. Na kesho usije kwa njia hii."

"Aksanti, papa. Mungu anakuona."

"Nenda, nenda."

"Laurenti!" Gervas sasa alikuwa anapanda kwetu, tunamsikia anavyohema. "Kama huwezi, lete huo wavu!"

Mjomba akashuka mbio kumkuta njiani, mkono shavuni. "Limetulia," akasema. "Twende." Nikageuka. Njano ilikuwa inapotea nyuma ya kichuguu. Chini mtoni Mjomba alichomoa majani kwenye njuga ya Semeni, na bonde lote likaanza kulia.

Tulichelewa. Nguruwe walikuwa wameshasogea kwenye kivuli upande wa pili, wakatoka ambako hatukuwa na wavu. Tulipata mmoja tu, mdogo. Wengine walivuka mto tukiwaangalia migongo.

Jioni mwenyekiti alikuja kwa Mjomba akapitia picha zote, moja baada ya nyingine, akilamba kidole kama anafunua daftari. Akakuta paa, nungunungu, nguruwe, na makalio ya Semeni. "Hujafuta chochote hapa, Laurenti?"

Mjomba akamnyooshea viganja vyake, vipana, vimepasuka. "Mwenyekiti, mikono hii sijafuta hata picha moja nayo tangu nizaliwe."

Mimi nilikuwa nimesimama palepale na kikombe cha chai. Mwenyekiti alinigeukia, akasema, "Wewe soma kwa bidii."

Wiki ile nguruwe walirudi wakamaliza upande wote wa chini. Mama alimwambia Mjomba mbele ya watu, "Kaka, umeniua." Hakujitetea. Alikuja siku kumi na mbili mfululizo akakata miti na kuzungushia uzio kilichobaki, na kwenye mavuno yake akatuletea mahindi, mama akayapokea bila kumtazama. Nami sikumtazama. Nilimwona ni mtu aliyetoa chakula chetu kumpa asiyemjua, na tena nikaamini yale ya Gervas, kwamba aliogopa. Hilo nilikaa nalo mpaka kidato cha tatu, mnisamehe.

Sijui ni siku gani hasa niligundua. Nadhani nilikuwa nasimulia wenzangu bwenini ili tucheke, nikafika kwenye tundu la wavu, kwenye jino, kwenye sala, kwenye viganja vyake, nikasita. Siku nzima ile hakusema uongo hata mmoja. Mwindaji anayesoma bonde kama barua alikubali kuitwa mwoga mbele ya wanaume wanane, akapoteza siku yake na jina lake na heshima yake mbele ya dada yake, na hakuomba mtu yeyote ampe pole.

Mwezi wa sita nilipokuwa nyumbani nilimwambia mama. Alikuwa anapukuchua maharage. Nilimwambia yote, mbiombio, nikaogopa atakasirika upya. Mikono yake ikasimama.

"Huyo mwanamke alikuwa na mtoto mgongoni?"

"Ndiyo."

"Tulipokimbia Burundi," mama akasema, "Laurenti alikuwa na miaka saba. Alitembea ameshika kitenge cha mama yetu. Mimi ndiye niliyekuwa mgongoni."

Akaendelea kupukuchua. Baada ya muda akaniambia nichukue yale maharage mapya, yale mazuri, nimpelekee mjomba wangu, na niende sasa hivi. Mtu wa haraka kama mimi hana haja ya kuhimizwa. Lakini nilipofika kwenye ua wake, nikamwona amekaa na miwani aliyopewa hospitali, anafuta vumbi kwenye betri zake moja moja, nilisimama pale mlangoni nikingoja amalize. Ilikuwa mara ya kwanza nasubiri bila kukasirika.